Rangi ya Sampuli ya Arobaini na Tatu

Bahasha saba za karatasi zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya jikoni kwetu, na ndani ya kila moja kulikuwa na kitu kilekile: matawi membamba yaliyosinyaa, yenye rangi ya kiatu cha ngozi kilichosahauliwa juani. Mbele yangu nilikuwa na fomu saba. Rangi ya matawi uyoga ukiwa mbichi. Rangi ya ncha. Rangi ya shina likikatwa. Nilikuwa na kalamu mkononi na saa moja kabla ya basi la kwenda mjini, na sikukumbuka chochote. Nikaandika hata hivyo.

Sampuli ya arobaini na moja niliipa manjano ya yai. Ya arobaini na mbili, krimu. Nilipofika ya arobaini na tatu nilifungua kitabu, nikatafuta maelezo yaliyonipendeza, nikaandika kwa mwandiko mzuri: matawi ya waridi hafifu, ncha za manjano. Kisha nikalamba gundi ya bahasha na kuifunga.

Wataalamu huiita jenasi ya uyoga huo Ramaria, na katika mazungumzo ya kawaida husema uyoga wa matumbawe, kwa kuwa hauna kofia wala mwavuli. Huota kama kichaka kidogo: shina moja nene linalogawanyika kuwa matawi, na matawi yanayogawanyika tena na tena hadi ncha. Shangazi yangu Fidencia, ambaye hajawahi kuiona bahari, huuita xelhuas, yaani ufagio, na ameuuza tangu akiwa na miaka tisa. Chuoni tulifundishwa kwamba jenasi hiyo ina mafungu manne. Lipo fungu ambalo vijimbegu vyake vina michirizi, lipo lenye rangi za kung'aa, lipo linaloota juu ya magogo yanayooza, na lipo ambalo vijimbegu vyake vina miiba midogo. Ndani ya mafungu hayo kuna aina zinazotofautishwa kwa darubini peke yake, na nyingine ambazo darubini haisaidii kitu bila rangi. Na rangi ndiyo hutoroka kwanza. Uyoga ukilala kikapuni usiku mmoja, waridi hugeuka udongo. Ukikaushwa, wote hufanana. Ndiyo maana somo letu la kwanza, kabla hata hatujaruhusiwa kugusa darubini, lilikuwa kuandika rangi palepale msituni, magoti yakiwa bado ardhini.

Shangazi hakusoma somo hilo, lakini ndiye aliyenikumbusha. Ilikuwa Agosti ya mwaka jana, upande wa mashariki wa mlima Malintzi, mahali ambapo misonobari imesongamana na ukungu hauondoki kabla ya saa tano. Alikuwa akikata kwa kisu chake kifupi, akifukia kila shimo kwa majani makavu ili mwingine asijue tulipopita. Mimi nilikuwa nikitumbukiza sampuli kikapuni haraka haraka, kwa sababu jioni hiyo kulikuwa na sherehe ya mwenzangu wa chuo huko Puebla, na nywele zangu zilikuwa zimeshalowa.

"Leo huandiki?" aliniuliza.

"Nitaandika nyumbani, shangazi. Naijua kazi yangu."

Alinyanyua kichaka kimoja, akakigeuza, akakitazama shinani, akanipa. "Huu mie siuzi. Siyo wa kuharisha, ila haukai na wenzake. Uweke peke yake."

Niliuweka peke yake. Hilo nililifanya. Kisha nikaenda Puebla, nikakaa siku mbili, na niliporudi nikakuta amenikaushia uyoga wote juu ya jiko, taratibu, kwa moto mdogo, ameutandaza juu ya gazeti safi. "Ungeoza, mwanangu," alisema. Alikuwa amefurahi kunisaidia, nami nilimshukuru.

Nilitetea tasnifu yangu mwezi wa tano. Shangazi alikuja na blauzi yake ya kufuma, akakaa mstari wa mbele, na kila nilipotaja xelhuas aliwaangalia watu wa pembeni yake kana kwamba anahakikisha wamesikia. Bahasha zile ziliingia katika kabati la sampuli la chuo, na mimi, nakiri, nikazisahau. Mtu anaweza kuusahau uongo wake mwenyewe kama haujamdai chochote.

Ulinidai mwezi wa tisa. Daktari Balderas, mwalimu aliyenisimamia, aliniita maabara. Ni mama mtulivu anayevaa sweta moja msimu mzima, na siku hiyo alikuwa amesimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Keti utazame, Noemi. Arobaini na tatu."

Nilitazama. Vijimbegu virefu, vya dhahabu, vyenye vipele vidogo vidogo.

"Nyuzi zake hazina vifundo kwenye viungo," alisema. "Nimetafuta siku nne, sijaona hata kimoja. Kuna aina moja tu ninayoifahamu yenye vijimbegu hivi na nyuzi hizi, na hiyo ni ya rangi ya krimu, mwili mzima. Yako ni ya waridi, na ncha za manjano. Unaelewa maana yake?"

Nilielewa kuliko alivyodhani. Kila kitu kilichoonekana chini ya lenzi kilisema uyoga ule ulikuwa na jina tayari. Kilichoutenga ni maneno yangu.

"Haina jina," alisema, na sauti yake ikalainika. "Na nimefikiri. Umekuwa ukiniambia tangu mwaka wa kwanza kwamba vitabu vyetu vimejaa majina ya mabwana waliopita mlimani wiki mbili, na hakuna hata jina moja la wanawake wanaoupanda mlima huo kila siku. Basi tuupe la shangazi yako."

Ilikuwa ndoto yangu kweli. Nilikuwa nimeisema kwa machozi katika ofisi yake nikiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ilikuwa mezani, na akanisogezea karatasi moja ya kutia sahihi: mkusanyaji anathibitisha kwamba maelezo ya rangi yaliandikwa sampuli ikiwa mbichi. Nilijiambia kwamba huenda nilikumbuka, kwamba huenda mkono ulijua nilichosahau. Nikatia sahihi. Niliona kalamu haitetemeki, na hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Jumamosi iliyofuata Daktari Balderas alikwenda mwenyewe soko la Huamantla, akachuchumaa mbele ya kitambaa cha shangazi, akamweleza. Nilisimama nyuma yake nikishika mkoba.

"Jina langu?" shangazi aliuliza. "Liende kwenye uyoga?"

"Kwa Kilatini. Litakaa milele."

"Marehemu mume wangu aliniita uyoga miaka thelathini, na yeye hakusomea." Kisha akakunja ncha ya kitambaa, akaikunjua. "Milele, unasema."

Bi Eulogia, anayeuza pilipili kavu pembeni yake na ambaye hawajawahi kumaliza siku bila kutupiana maneno, alikuwa ametega masikio. "Jamani, Fidencia kawa uyoga. Haya mwenzetu, ukikaangwa na kitunguu si utanoga?"

"Kuliko wewe, hata ukiokotwa utarudishwa ulikotolewa."

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Kufikia saa sita soko zima lilikuwa linajua. Muuza nyama alimpa shangazi mfupa wa bure wa supu. Nami nilitabasamu kwa kila aliyenipongeza.

Alasiri hiyo, nyumbani, alinawa mikono, akakaa. "Haya, nisomee nilivyo."

Nilisoma kwa sauti. Urefu, shina, harufu. Nilipofika kwenye rangi nilisoma upesi.

"Rudia hapo."

"Matawi ya waridi hafifu, ncha za manjano."

"Ni ule wa kule kwenye misonobari iliyosongamana? Niliokwambia uuweke peke yake?"

"Ndio, shangazi."

Alitazama mikono yake. "Mie naukumbuka kama maziwa yaliyolala. Waridi sikuliona." Akasubiri. Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nilimega kipande cha tortilla, chapati yetu ya mahindi, nikakitia mdomoni.

"Basi macho yangu yamechoka," alisema, na akainuka kuchochea moto.

Nilidhani limepita. Lakini jambo kama lile halipiti kwa mtu anayeishi kwa macho. Katika fagio za mlima wetu ipo moja yenye waridi na ncha za manjano ambayo haiui, lakini humlaza mtu siku nzima akikimbilia chooni, na muuzaji akiiuza mara moja tu sokoni, hana haja ya kurudi. Shangazi ameitenga miaka hamsini kwa kuitupia jicho. Jumapili asubuhi nilimkuta mlangoni, kikapu mapajani, akinyanyua uyoga mmoja mmoja kuuelekeza kwenye mwanga.

"Hebu njoo. Huu una wekundu?"

"Hauna. Ni njano tupu."

"Angalia vizuri, mwanangu. We una macho ya shule."

Jumatatu aliniuliza mara saba. Jumanne hakuniuliza. Nilitoka uani nikakuta nusu ya kikapu imemwagwa kwenye shimo la taka, fagio nzuri, nene, nyeupe shinani, zile ambazo wapishi wa Huamantla humgombania. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akizitazama.

"Shangazi, hizi ni nzima."

"Labda. Nimeogopa." Alisema bila kunitazama. "Nimewaza, kama ule ulikuwa waridi na mie sikuuona, basi miaka yote hii nimewauzia watu nini? Nani alikwenda nyumbani akaugua akaona haya kuja kuniambia?"

Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza sumu za uyoga, kipimo chake na muda wake. Sikuwahi kusoma mahali popote kwamba mstari mmoja kwenye fomu unaweza kumfanya mwanamke amwage chakula kizuri. Nilimtazama amejikunja juu ya ile ndoo, na kwa mara ya kwanza niliacha kufikiria itakuwaje kwangu nikisema. Niliona tu itakuwaje kwake nisiposema.

"Haukuwa waridi," nilisema.

Akageuza kichwa.

"Mimi sijui ulikuwa rangi gani. Sikuutazama. Nilikwenda Puebla, nikarudi umekauka, nikafungua kitabu nikanakili. Waridi ni ya kitabuni. Niliiweka pale kwa sababu ilikuwa nzuri."

"Sema tena."

Nilisema tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa alikuwa ananitazama.

Kuku alikuja, akadonoa fagio moja shimoni, akaondoka. "Kwa hiyo macho yangu ni mazima," alisema mwishowe, polepole, kama mtu anayepapasa mguu uliovunjika akakuta mfupa umeshikana. Niliona mabega yake yanashuka. Nilidhani, kwa upumbavu wangu, kwamba amenisamehe.

"Siku tatu, Noemi. Siku tatu nimejiona kipofu. Nimewaza nitakula nini. Na we unalala chumba cha pili, unanisikia ninavyogeuka kitandani."

"Nisamehe, shangazi."

"Sijafika huko. Okota hizo."

Nilipiga magoti kwenye shimo la taka nikaziokota moja moja, nikazipangusa majivu na maganda. Yeye alizipokea na kuzitazama, na hakuniuliza rangi ya hata moja.

Daktari Balderas nilimpigia simu adhuhuri hiyo. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, na sikusoma hata sentensi moja ya karatasi hiyo. Nilimwambia kama nilivyomwambia shangazi.

"Na nyingine?" aliuliza. "Arobaini na moja, mbili, nne?"

"Zote saba."

"Makala nilikuwa niitume Ijumaa. Sitakupigia kelele, Noemi. Nitaiondoa, na nitaweka barua kabatini kwamba bahasha hizo saba zisitumiwe na mtu yeyote. Jina lako litakuwa kwenye barua hiyo, inabidi liwepo. Wiki hii usije. Baada ya hapo tutaona."

Alikuwa na haki ya kukata simu lakini alibaki kidogo. "Shangazi yako anajua?"

"Anajua."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Afadhali," alisema, kisha akakata.

Jumatano nilikwenda sokoni na shangazi, ingawa hakuniomba. Alitandaza kitambaa, akapanga mafungu yake, akaanza kuuza bila kusita, na wapishi wakaanza kubishana bei kama kawaida yao. Nilikuwa nimeanza kupumua Bi Eulogia alipoinua sauti kutoka kwenye magunia yake ya pilipili.

"Mheshimiwa uyoga, sherehe lini? Mie nishatoa gauni langu kwenye naftalini."

Shangazi aliendelea kufunga uyoga wa mteja kwenye jani la mhindi. "Muulize huyu," alisema.

Hakusema kwa ukali. Angeweza kubuni lolote, kwamba wakubwa wamebadili mawazo, kwamba mambo ya serikali huchukua muda, na watu wote wangeamini. Hakubuni. Nilisimama mbele ya Bi Eulogia, muuza nyama, na mwanamke aliyekuja kununua maua ya maboga, nikasema kwamba hakutakuwa na jina kwa sababu niliandika rangi ambayo sikuiona. Ilikuwa sentensi fupi. Muuza nyama aliangalia kisu chake. Nilitamani Bi Eulogia anitukane, ana kipaji hicho, lakini alishusha tu mkono wake kwenye gunia na kuuacha humo.

"Aa," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia, "Fidencia, chai?"

"Lete."

Walikunywa wamegeukiana, magoti yakikaribia kugusana. Mimi nilibaki nimesimama mpaka mteja aliponitaka nimpishe.

Ijumaa alfajiri nilisikia akivuta kikapu. Nilitoka nikamkuta amevaa viatu vya mlimani. Hakuniita, lakini hakufunga mlango. Nilimfuata. Tulipanda kwa muda wa saa mbili bila maneno zaidi ya "angalia hapo" na "kuna utelezi." Tulipofika kwenye misonobari iliyosongamana alipunguza mwendo, akawa anasogeza majani makavu kwa ncha ya fimbo, hapa, kisha hatua tatu mbele, kisha kurudi nyuma kama mtu anayetafuta ufunguo chumbani mwake mwenyewe.

"Uliota hapa," alisema. "Na mwaka juzi ulikuwa hapa."

Tulipekua eneo lote. Mvua za wiki ile zilikuwa zimepiga sana. Tulipata mmoja tu, chini ya mzizi, na ulikuwa umezeeka: matawi yamelainika, yameshikamana kwa maji, ncha zimeliwa na konokono, na mwili wote umekuwa na kahawia ya majani yaliyooza. Nilipiga magoti. Nilikuwa na daftari, penseli, rula, na kadi ya rangi ya chuo yenye vipande mia tatu vya kulinganishia. Nilijaribu kipande kimoja baada ya kingine kando ya shina. Hakuna kilichofaa. Ndani ya mpasuko mmoja niliona weupe kidogo, au nilitamani kuuona.

"Naona kama krimu hapa," nilisema. "Ndani."

"Unaona au unataka?"

Nilitazama tena kwa muda mrefu. Tone la maji lilishuka kwenye mpasuko, likatulia.

"Nataka," nilisema.

Shangazi alichuchumaa kando yangu, magoti yake yakilalamika. Alinukia moshi na sabuni. Aligusa uyoga ule kwa kidole bila kuuvunja. "Huu tuuache, utoe mbegu zake. Umeshazeeka, umetoka mbali." Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Haya. Andika."

"Niandike nini?"

"We ndiye unayeijua kazi yako."

Nilistahili. Nilifungua ukurasa mpya. Nikaandika tarehe, mahali, aina ya miti. Nikafika kwenye rangi, na penseli ikakaa juu ya karatasi. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kwanza yanayotangulia mengine, na moja lilianguka juu ya tarehe likaivimbisha. Niliandika: Uyoga umezeeka. Rangi ukiwa mbichi mimi sikuiona. Nikasita. Nikaongeza chini yake: Fidencia Rojas aliuona Agosti mwaka jana, na anaukumbuka kama maziwa yaliyolala.

"Umeandika kirefu," alisema.

"Bado sijamaliza."

Alifungua mtandio wake mabegani, akainua upande mmoja na kuushikilia juu ya daftari kwa mikono miwili, maji yakimtiririkia shingoni, akasubiri.